Mtu wa Boya

Dada Roza alinipigia simu kutoka Kisumu kunipa habari kwamba baba yake, Mzee Okelo, amefariki, na kwamba wanaandaa wasifu wa kusomwa siku ya mazishi. "Wewe andika ile sehemu ya London, Zuhura," alisema. "Aya mbili tu. Mchungaji hataki mambo marefu." Nikaandika aya mbili. Nilisema kwamba marehemu aliishi Tooting na binti yake, kwamba alipenda kwenda kuchagua samaki mwenyewe, kwamba alihudhuria ibada ya kuwakumbuka waliokufa wakirusha ndege wakati wa vita. Kila sentensi ilikuwa ya kweli, na nilipozisoma zote pamoja damu ilinichemka. Alihudhuria! Kama mtu aliyealikwa harusini, akaenda, akala pilau, akarudi zake nyumbani. Nilizituma hivyo hivyo, kwa sababu mazishi hayangoji, kisha nikakaa kuandika haya mengine ambayo mchungaji hakuyataka.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza London, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Asubuhi nilisomea uandishi wa habari, alasiri nilikwenda kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na chumba changu kilikuwa kile kidogo cha juu katika nyumba ya Dada Roza, aliyekuwa nesi. Maisha ya nyumba ile yalikuwa jikoni. Jiko lilikuwa upande wa nyuma, meza imesukumwa hadi kwenye hita, kioo cha dirisha kimefunikwa na mvuke majira yote ya baridi. Mzee Okelo alikuwa na kiti chake karibu na hita, na hakuna mwingine aliyekikalia, hata yeye akiwa amelala. Jumapili alivaa kofia akaenda kwa Mhindi mmoja muuza samaki, mzaliwa wa Kisumu kama yeye, na huko alikawia kwa sababu wawili hao ilibidi kwanza walalamike kuhusu samaki wa barafu, ndipo mmoja auze na mwingine anunue. "Huyu si samaki, ni jiwe lenye macho," Mzee alisema kila alipomtua kwenye sinki. Dada Roza alimkaanga hata hivyo, akamtia nyanya na vitunguu, akasonga ugali, na makoti yote yaliyotundikwa mlangoni yakanuka samaki mpaka katikati ya wiki.

Mtu wa nne pale mezani alikuwa mzee wa Kiingereza aitwaye Denis. Dada Roza alimpata wodini, alipokuwa amewekewa nyonga mpya. Aliposikia kwamba nesi wake anatoka Kisumu alianza kusema Kiswahili kwa sauti kubwa, wodi nzima ikageuka kumtazama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, akiwa kijana, Denis alikuwa mtu wa simu ya upepo, yaani redio ya mawasiliano ya ndege, katika vikosi vya kupeleka ndege. Hao walichukua ndege mpya kiwandani, wakazifikisha mbali huko zilikohitajiwa vitani, kisha wakarudi kuchukua nyingine. Ndege zake zilikuwa zile kubwa za kutua majini, zenye tumbo kama la mashua, na Kisumu, kwa sababu ya ziwa, ilikuwa mahali pao pa kulala na kutia mafuta. Miaka ile ile Mzee Okelo alikuwa nahodha wa motaboti iliyozihudumia ndege hizo. Sura hawakukumbukana, lakini kila mmoja alijua mahali mwenzake alipokuwa akisimama. "Jambo, Mzee! Wewe iko mzuri?" Denis alipaza sauti mlangoni kila Jumapili. "Mimi nakuja kula samaki yako." Na Mzee akajibu bila kuinuka, "Karibu, bwana wa simu ya upepo. Miaka yote hii, Kiswahili chako bado kimevaa kaptula." Denis aliomba atafsiriwe, akacheka kuliko sisi sote, na Jumapili iliyofuata akaja na Kiswahili kile kile.

Hadithi zikiwa nzito Denis alirudi kwenye Kiingereza chake, na mimi niliacha kuosha vyombo nikasikiliza. Nilikuwa na wazo la kitoto kwamba hatari ya vita ni risasi. "Sisi karibu hakuna aliyetupiga risasi," Denis alisema. "Ndiyo maana walitusahau upesi." Alieleza matangi ya ziada yaliyofungwa ndani, mahali ambapo watu wangekaa, na petroli iliyonuka mpaka ndani ya mkate. Hakuna aliyeruhusiwa kuwasha kiberiti, kwa hiyo walivuka bahari usiku kucha bila chai ya moto. Alieleza barafu iliyoganda kwenye mabawa, kisha ikabanduka na kupiga ubavu wa ndege kama mtu anayewatupia mawe. Injini zilikuwa mpya, hazijazoea kazi. Taarifa za hali ya hewa hazikutangazwa, adui asije akazisikia, kwa hiyo waliingia ndani ya dhoruba kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye giza. Kuna wenzake waliopaa mbele yake kidogo tu, na yeye alifika, na wao hawakufika, na hadi siku ile pale jikoni hakuna aliyejua walilala wapi.

Mzee alisikiliza haya yote akichambua miiba, kisha akaongeza ya upande wake, kwani kwake ndege ilikuwa haijafika mpaka ifungwe. Ziwani kulikuwa na viboko, magogo na nyavu za watu, lakini siku mbaya kuliko zote ilikuwa siku ya utulivu. Maji yakiwa kama kioo, rubani haoni yanapoanzia. Anaona mawingu juu na mawingu chini, na anaweza kujitia majini kwa kichwa akidhani bado yuko angani. Kwa hiyo motaboti ilitumwa kukimbia mbele, iyavuruge maji, rubani apate kitu cha kutazama. "Unakimbia, na kitu kikubwa kama kanisa kinakuja mgongoni mwako," Mzee alisema, "na huruhusiwi kugeuka." Tena ndege ile ikishatua haina breki. Lazima mtu mmoja afungue kijilango cha puani, atoe kifua nje akiwa na upondo wenye kulabu ya chuma, na alikamate boya, lile dude linaloelea la kufungia ndege, mara ya kwanza, propela zikivuma nyuma ya kisogo chake. Akilikosa, ndege inakwenda kugonga mawe. Akiteleza, inampitia. Huyo walimwita mtu wa boya.

Jumapili moja Denis alitusimulia jinsi malaria ilivyomwokoa. Alikuwa amelazwa Kisumu na homa, na ndege yake ikaondoka bila yeye, kwenda pwani na kisha visiwani, ikiwa na mtu wa simu ya upepo wa kuazima. Fundi wao aliyezoea kukamata boya alikuwa ameumia vidole, akabaki naye. "Wakamchukua boi mmoja wa motaboti," alisema. Asubuhi ile bahari ilikuwa imetulia kabisa. Huko pwani motaboti ya kuvuruga maji ilichelewa, na rubani, mwenye haraka ya kutia mafuta na kuendelea, hakuingoja. Ndege iliingia majini kwa pua. "Wakafa wote wanne," Denis alisema, akainamisha kichwa.

Mzee Okelo alikiweka chini kipande cha samaki alichokuwa amekishika. "Watano," alisema.

Nilimwona Dada Roza akiacha kumimina maji. Mzee hakupandisha sauti. Alisema yule boi alikuwa Zakaria Odera, mtoto wa baba yake mdogo, waliyekua naye ua mmoja. Alisema watu wa motaboti wa kule pwani walimweleza baadaye kwamba Zakaria alikuwa amekwishawekwa puani kabla ndege haijagusa maji, ili muda usipotee, ingawa kila mtu alijua kwamba wakati wa kutua puani hapakai mtu. Wale wanne waliokotwa wakazikwa chini ya misalaba yenye majina. Zakaria hakuonekana. Na baba yake alipokwenda kuuliza, karani alimwambia kijana ameacha kazi. "Ameacha kazi," Mzee alirudia, akitazama mvuke wa dirishani. "Kwetu mtu anazikwa kwao. Zakaria hana kwao, hana popote."

"Sikulijua jina lake," alisema Denis.

"Yeye alilijua lako."

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na shauri moja tu. Wazee wa vile vikosi vya kupeleka ndege walikuwa na kamati yao, na mwaka ule kamati ilikuwa ikitayarisha bamba la shaba la kuwekwa katika kanisa moja katikati ya jiji, lenye majina ya waliokufa, ndege baada ya ndege. Mzee alitaka jina la Zakaria liandikwe pale na lisomwe siku ya ibada. Hakutaka kitu kingine chochote, na alipoulizwa kama angependa pia barua ya shukrani alishangaa, kwa sababu hajui barua ya shukrani inawekwa wapi mtu akiwa hana kaburi. Denis aliahidi kwamba atasema na wenzake. Akaenda, akarudi amenywea, akasema katibu mwenyewe atakuja kutueleza, kwani jambo lenyewe linahitaji upole.

Katibu alikuja na keki. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti laini na mkoba aliouweka magotini muda wote kama mtu anayesubiri basi. Mimi nilikuwa jikoni nikiandaa chai, na mlango wa sebuleni haukuwa umefungwa vizuri. Nilimsikia akieleza kwamba bamba ni la wanahewa. Huyu kijana, kwa masikitiko, hakuandikishwa kuwa mwanahewa, kwa hiyo kwa kanuni zao alikuwa abiria.

"Mama, abiria gani anakalishwa puani?" Mzee aliuliza.

"Naelewa uchungu wako. Ndiyo maana tumepata njia. Chini kabisa tutaandika: na wengine waliohudumu."

"Hao wengine ni nani?"

"Wote. Kila mmoja ambaye hatukuweza kumtaja."

"Huyu mnaweza. Nimekutajia sasa hivi. Nikutajie tena?"

Nilipoingia na sinia, katibu alikishika kikombe kwa shukrani kubwa, akanywa, akafumba macho. "Chai nzuri sana," alisema. "Ni ya Kenya?"

Dada Roza alikuwa mtu aliyetukanwa wodini na walevi na hakuwahi kuwajibu. "Ndiyo, ni ya Kenya," alisema. "Na Zakaria pia." Kisha akamkatia mgeni kipande cha keki aliyoileta mwenyewe, kikubwa, akamwekea mbele.

Nilifanya kile nilichokuwa nikifundishwa darasani. Nilipiga simu kuuliza kanuni ile ilitungwa na nani, nikajibiwa ni kamati. Nikawauliza wawili wa kamati, wakaniambia imekuwa hivyo siku zote. Siku zote zipi, na bamba lenyewe halijawahi kuwapo? Nikaipeleka habari kwa mhariri wa gazeti dogo nilikokuwa nikijifunza kazi. Aliisoma yote, akasema inagusa moyo, lakini tatizo lake hakuna aliyefanya kosa. Nimeifikiria sentensi hiyo miaka mingi kuliko kitu chochote nilichofundishwa na mwalimu. Rubani alikuwa na haraka, karani alikuwa na kazi nyingi, katibu alikuwa na kanuni, na mwisho wake mtu mzima anapotea, na ukiuliza amepotelea wapi unaonekana wewe ndiye mwenye ugomvi. Sikuwachukia wale wanne. Walikuwa wavulana wadogo kuliko wanafunzi ninaowafundisha leo, na walikufa wakiitenda kazi ambayo wengi wetu tusingethubutu kuitenda mara moja. Hakuna aliyeomba mmoja wao aondolewe. Tuliomba wasogee kidogo. Wiki ile Dada Roza aliponipigia simu ya msiba nilipita katika kanisa lenye bamba lile. Shaba inasuguliwa vizuri, majina yanasomeka kutoka mlangoni, na chini kabisa, kwa herufi ndogo zaidi, wamo wale wengine waliohudumu.

Siku ya ibada Mzee alivaa suti ya kijivu aliyonunuliwa na binti yake. Tukiwa kwenye treni nilimuuliza anakusudia kufanya nini. "Nakwenda kusikiliza," alisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia kanisani. Niliketi nimejifunga mtandio wangu kati yake na Dada Roza, nikitazama kila kitu. Kulikuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Jina la marehemu likisomwa, jamaa zake walisimama pale walipoketi, na walibaki wima mpaka ndege ile iishe na kengele igongwe. Hapo waliketi, ikaanza ndege nyingine. Hapakuwa na hotuba. Watu waliinuka hapa na pale, wengine kwa mikongojo, wengine vijana waliosimama kwa ajili ya babu wasiyemjua, na ungeweza kuona kwa macho jinsi kila ndege ilivyoacha watu nyuma yake. Lilikuwa jambo zuri, na uzuri wake ulinitia hasira zaidi.

Ile ndege ilipofikiwa, aliyepanda kusoma alikuwa Denis. Alisoma jina la rubani, na mwanamke mmoja mzee sana akasimama safu za mbele, dada yake. Akasoma la pili, la tatu, la nne, ambalo lilikuwa la yule mtu wa simu ya upepo aliyeazimwa. Familia nne zilikuwa zimesimama. Mwenye kengele aliinua mkono. Hapo Mzee Okelo alishika mgongo wa benchi la mbele yetu, akajivuta, benchi likalia, akasimama.

Mwenye kengele alibaki na mkono hewani. Katibu aligeuka, akatabasamu, na kiganja chake kikashuka polepole kama mtu anayefunika sufuria. Mzee hakuketi. Kijana mmoja wa kupokea wageni alikuja akainama, akanong'ona kwamba marehemu wa ndege hii wamekwisha kutajwa wote.

"Wangu bado," Mzee alimjibu kwa Kiingereza. Hakupaza sauti, lakini kanisa lile lilikuwa na dari ya juu sana, na neno lilifika kote.

Nilimtazama Denis. Alimtazama katibu, akamtazama Mzee, akavua miwani, na bila miwani nadhani hakuona tena sura ya mtu yeyote. "Zakaria Odera," alisema, akilivunjavunja jina la pili. Kisha, kwa Kiswahili chake kile kile, "Mtu ya boya." Dada yake rubani aligeuka kwa taabu, mkono mmoja kwenye mkongojo, akamtafuta Mzee kwa macho mpaka akampata, akainamisha kichwa. Mzee naye akainamisha chake. Kengele ikagongwa. Mzee akaketi, na goti lake nililisikia likilia.

Kwenye chai ya baadaye watu wachache walikuja kumshika mkono. Katibu alituambia siku imekwenda vizuri sana, ukiacha ule mkanganyiko mdogo.

Wiki kadhaa baadaye kila familia ilitumiwa kaseti ya ibada, na sisi pia tuliletewa, pamoja na kadi yenye maua. Ilikuwa Jumapili. Denis alikuwapo, samaki alikuwa mezani, na Dada Roza akaitia kaseti kwenye redio iliyokuwa juu ya friji. Tukasikia kinanda, watu wakikohoa, ndege ya kwanza, ya pili, kengele. Ikaja sauti ya Denis. Mzee aliacha kula, akaegemeza mikono mezani. Jina la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kengele. Ndege iliyofuata.

Dada Roza aliirudisha nyuma, akaicheza tena. Kati ya jina la nne na kengele hapakuwa na kitu, hata pumzi. Ule ukimya mrefu ambao mimi nilikuwa bado nauota, benchi lililolia, kijana aliyenong'ona, vyote vilikuwa vimekatwa, tena na mtu aliyeijua kazi yake.

"Mimi nilisema!" Denis aliinuka, uso wote mwekundu. "Mzee, mimi nilisema!"

"Ulisema, bwana. Sote tulikusikia." Mzee Okelo aliigeukia redio. "Wameniketisha," alisema.

Dada Roza alinyoosha mkono azime.

"Acha," Mzee alimwambia. "Hao nao walikufa."

Dada Roza akaurudisha mkono. Denis akaketi. Tukasikiliza majina yaliyobaki, ndege baada ya ndege, hakuna aliyegusa chakula, mpaka kaseti ikafika mwisho na kujizima yenyewe.